Naandika nisichokielewa kwenye vitabu vya MTUHA

BARUA

Ndugu wa safu ya ushauri, salaam.

Nina miaka 24 na nina cheti cha uhazili. Tangu mwaka huu uanze nafanya kazi ya mkataba kwenye chumba cha mafaili cha kituo kimoja cha afya, Kanda ya Ziwa. Matabibu wetu wamezidiwa na wagonjwa, hivyo mimi ndiye ninayepokea kadi zilizokwisha kuandikwa na kuhamishia taarifa kwenye Kitabu Na. 5 cha wagonjwa wa nje, kimojawapo cha vitabu vya MTUHA (mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya), kisha kwenye kompyuta. Mwisho wa mwezi nasaidia kuhesabu.

Tatizo langu ni kwamba sikusomea afya. Kompyuta naijua na mwandiko wangu unasomeka, ila ninachoandika sikielewi. Kadi inakuja imeandikwa "c/o LAP 3/7, PVD, Hx of PID", hakuna hata neno moja kamili. Hiyo 3/7 mimi naiona tarehe. Nyingine inasema "R/O PTB". Nikimwuliza nesi ananiambia ni kifua kikuu, nikiiandika kifua kikuu mganga mfawidhi anasema huyo si wa kifua kikuu, bado. "Bado" maana yake nini? Majedwali ya mwezi yakirudishwa, anayeitwa ni mimi.

Nilinunua kamusi ya tiba ya Kiingereza. Kila usiku nakariri ukurasa mmoja. Nimefika herufi C na za herufi A nimeshazisahau. Matabibu wengine ni wakarimu, wengine ukiwauliza mara ya pili wanakujibu, "Andika tu unavyoona."

Naomba mnielekeze: nianzie wapi, itanichukua muda gani, na niwaulizeje hawa watu bila kuwa kero? Pia kuna kozi ya mtandaoni ya istilahi za tiba wanayotoza shilingi laki moja na nusu, wanatoa na cheti. Nilipe?

Karani wa mafaili, Kanda ya Ziwa

JIBU

Ndugu karani,

Kamusi iweke kabatini kwanza. Kamusi humsaidia mtu aliyekwisha kulisoma neno, akataka kujua maana yake. Wewe bado hujalisoma. Tena mpangilio wa alfabeti hauhusiani hata kidogo na mpangilio wa kadi, na kadi ndiyo unayoishika kutwa nzima. Anza na kadi.

Matabibu hufundishwa kuandika kwa mfuatano uleule, awe amesomea Bugando au Nairobi. Kwanza malalamiko ya mgonjwa: "PC" au "C/O". Halafu historia ya tatizo la sasa, "HPI", na maradhi ya nyuma, "PMH" au "Hx". Halafu alichokiona tabibu mwenyewe kwa macho, mikono na vipimo vya mezani: "O/E" au "P/E". Halafu vipimo vya maabara na picha, "Ix". Halafu hitimisho lake: "Imp", "Dx", au pembetatu ndogo tu, Δ. Mwisho matibabu na mpango: "Rx", "Mx", "Plan". Wapo wanaoruka hatua, na wapo wanaoandika zote kwa mstari mmoja bila nafasi, lakini mfuatano haubadiliki. Chukua kalamu ya risasi na karatasi chakavu. Kwa kadi 20 za kwanza usitafsiri chochote, kazi yako iwe kuonyesha tu malalamiko yanaishia wapi na hitimisho linaanzia wapi. Ukiliweza hilo, nusu ya makosa yako yatakwisha kabla hujajifunza neno hata moja.

Sababu ni hii. Kitabu Na. 5 kinataka hitimisho, hakitaki malalamiko. Ule mstari uliotuandikia, "c/o LAP 3/7, PVD, Hx of PID", unasema hivi: analalamika maumivu ya chini ya tumbo kwa siku 3, anatokwa uchafu ukeni, na huko nyuma aliwahi kuugua maambukizi ya via vya uzazi. Katika mstari wote huo hakuna ugonjwa wa leo hata mmoja. PID imetajwa, lakini imetanguliwa na "Hx of", yaani ni habari ya zamani. Anayeinakili PID kwenye safu ya ugonjwa kwa sababu ndilo neno pekee linalofanana na jina la ugonjwa ameandika jambo ambalo tabibu hakulisema. Shuka chini utafute "Imp" au "Dx".

Sasa hiyo "bado" ya mfawidhi wako. "R/O PTB" ni agizo la kuuondoa mashakani kifua kikuu cha mapafu: mgonjwa anapimwa ili ijulikane anao au hana. Alama ya kuuliza mbele ya jina, "?PTB", ni hivyo hivyo. "DDx" ni orodha ya magonjwa yanayoshukiwa kwa pamoja. Hakuna kati ya hizi inayohesabiwa kuwa ugonjwa. Mazoea mabaya ya makarani wengi ni kuchukua jina la kwanza kwenye "DDx" kwa kuwa limetangulia. Kadi ikiwa na alama ya kuuliza tu, hiyo kadi haijaisha. Irudi kwa tabibu, au isubiri majibu ya maabara. Tofauti na hizo ni "K/C/O", mgonjwa anayejulikana tayari kuwa na ugonjwa fulani, kama "K/C/O HTN" kwa mwenye shinikizo la juu la damu. Huo anao kweli, lakini angalia kama ndio uliomleta leo au amekuja kwa jambo jingine.

Malaria inahitaji uangalifu wa peke yake. MTUHA inatenganisha malaria iliyothibitishwa kwa hadubini, iliyothibitishwa kwa kipimo cha haraka, na ile ya dalili tu bila kipimo. Kwa hiyo ukikuta "Imp: malaria" usiandike kisha ukafunga kadi. Panda juu kwenye "Ix". "mRDT +ve" ni kipimo cha haraka kimeonyesha wadudu. "BS" au "MPS" ni damu iliyotazamwa kwa hadubini, na majibu yake huja kwa idadi ya wadudu au alama za kujumlisha, + hadi ++++. Usipoona kipimo, uliza kama kilifanyika. Na ukiona "mRDT –ve" juu, chini yake "Imp: malaria", usiamue wewe nani kakosea. Rudisha kadi.

Tarakimu zenye mkwaju (/). Tazama namba ya chini, ndiyo inayotaja kipimo cha muda. Wiki ina siku 7, kwa hiyo 3/7 ni siku 3. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo 2/52 ni wiki 2. Mwaka una miezi 12, kwa hiyo 5/12 ni miezi 5. Mimba huhesabiwa wiki 40, kwa hiyo "GA 30/40" ni mimba ya wiki 30. Panapoleta hasara kubwa ni kwenye umri: mtoto wa "8/12" ana miezi 8, na wa "1 8/12" ana mwaka mmoja na miezi 8. Ukimwandika ana miaka 8 umemtoa kwenye kundi la walio chini ya miaka 5, na hesabu za umri kwenye jedwali la mwezi zitakuwa na makosa. Huenda majedwali yako yanarudishwa kwa sababu ya hili kuliko kwa majina ya magonjwa.

Ila si kila mkwaju ni muda. "BP 160/110" ni shinikizo la damu, na kwenye chumba cha macho "VA 6/12" haina habari ya miezi sita. Hapo mgonjwa anaona akiwa mita 6 kile ambacho mwenye macho mazima angekiona akiwa mita 12. Ndiyo maana tunasisitiza ujue uko sehemu gani ya kadi na kadi imetoka chumba gani.

Tusome kadi moja nzima, tuliyoitunga kwa mazoezi:

"F 26. G3P2+0, GA 32/40. C/O headache 2/7, blurred vision 1/7. O/E: not pale, LL oedema ++, T 36.8, PR 92, BP 160/110, FHR 140. Ix: urine protein +++, Hb 10.8, mRDT –ve. Imp: severe pre-eclampsia. Rx: MgSO4 stat, refer."

Mwanamke wa miaka 26. G ni idadi ya mimba pamoja na hii, P ni mara alizozaa, na namba baada ya alama ya kujumlisha ni mimba zilizoharibika, hapa hakuna. Mimba ina wiki 32. Kichwa kinamuuma siku 2, macho yanaona ukungu tangu jana. Tabibu amemtazama: hana weupe wa viganja na macho unaoashiria upungufu wa damu, miguu imevimba (LL ni miguu, viungo vya chini), joto na mapigo ya moyo havina shida, shinikizo liko juu sana, na moyo wa mtoto tumboni unapiga mara 140 kwa dakika, ambayo ni kawaida. Mkojo una protini nyingi, malaria hana. Hitimisho ni hatua kali inayotangulia kifafa cha mimba. Apewe magneziamu salfeti mara moja, apelekwe hospitali.

Zingatia ile Hb (himoglobini, kipimo cha wingi wa damu) ya 10.8. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni kwamba mjamzito aliye kwenye miezi mitatu ya mwisho, kama huyu, akiwa na Hb chini ya 11 ana upungufu wa damu. Karani aliyejifunza hilo atashawishika kuongeza "anaemia" kwenye safu ya magonjwa. Asiongeze. Tabibu ameiona namba hiyo na hakuiandika kwenye hitimisho. Kujua viwango kunakusaidia kutambua kadi iliyosomwa vibaya, mfano Hb ya 108 ambayo haiwezekani kwa kipimo cha gramu kwa desilita, au joto la 63.8 ambalo ni 36.8 iliyopinduliwa wakati wa kuandika. Hakukupi ruhusa ya kumwekea mtu ugonjwa.

Vipimo vya kila siku vya mtu mzima, ili macho yako yashtuke panapostahili: joto 36.5 hadi 37.5, mapigo ya moyo, "PR", 60 hadi 100 kwa dakika, pumzi, "RR", 12 hadi 20, shinikizo chini ya 140/90, oksijeni katika damu, "SpO2", asilimia 95 na zaidi. Watoto wana mapigo na pumzi za kasi zaidi, usiwapime kwa namba hizi.

Baada ya kuijua kadi, ndipo maneno marefu. Na hapa ndipo kukariri kwako kulipokuwa kunakuchosha bure, maana maneno haya yameundwa kwa vipande vichache vya Kigiriki na Kilatini vinavyorudiwarudiwa. Soma kuanzia mkiani. "-itis" ni sehemu ya mwili iliyovimba na kuwaka: "tonsillitis" mafindofindo, "appendicitis" kidole tumbo. "-aemia" ni hali ya damu, "-uria" ni ya mkojo, "-algia" ni maumivu, "-megaly" ni kukua kupita kiasi. Kisha mwanzo wa neno: "hyper-" juu, "hypo-" chini, "tachy-" haraka, "brady-" polepole, "poly-" nyingi, "oligo-" kidogo, "dys-" kwa shida, "a-" au "an-" kukosa. Katikati hukaa kiungo chenyewe: "hepat-" ini, "splen-" bandama, "nephr-" figo, "gastr-" tumbo la chakula, "enter-" utumbo, "pneum-" mapafu, "cardi-" moyo, "haem-" damu, "glyc-" sukari, "arthr-" maungio, "oste-" mfupa, "my-" msuli, "derm-" ngozi, "hyster-" mji wa mimba.

Sasa jaribu mwenyewe. "Hepatosplenomegaly": kukua, bandama, ini. "Hypoglycaemia": damu, sukari, chini. "Haematuria": mkojo wenye damu. "Tachycardia": moyo unaokwenda mbio. Hujafungua kamusi.

Mikia mitatu ya upasuaji huchanganywa na wengi, hata wanaolipwa vizuri kukuzidi. "-otomy" ni kufungua kwa kisu, kama "laparotomy", kufungua tumbo. "-ectomy" ni kukata na kutoa, kama "hysterectomy", kutoa mji wa mimba. "-ostomy" ni kutengeneza tundu linalobaki wazi, kama "colostomy", choo kupitia ukuta wa tumbo. Herufi moja au mbili tu, na mgonjwa mmoja bado ana kiungo chake, mwingine hana.

Jozi nyingine za kukaa nazo macho: "dysphagia" ni shida ya kumeza, "dysphasia" ni shida ya kusema. "Ileum" ni sehemu ya utumbo mwembamba, "ilium" ni mfupa wa nyonga. "Hypertension" na "hypotension" wenzetu mitaani tayari wamezitenga vizuri, presha ya kupanda na presha ya kushuka, tumia hizo kujikumbusha. Na "-oma", ingawa mara nyingi ni uvimbe, isikutishe kila mahali: "haematoma" ni damu iliyovilia, "glaucoma" na "trachoma" ni magonjwa ya macho.

Tahajia pia. Sisi tumerithi ya Kiingereza cha Uingereza: "oedema", "anaemia", "diarrhoea". Programu na dawa nyingi zinakuja na ya Marekani: "edema", "anemia", "diarrhea". Ukitafuta "edema" kwenye kompyuta na mfumo umeandika "oedema", utaambiwa haipo, kisha utamwingiza kwenye "mengineyo". Safu ya "mengineyo" ikijaa, mfawidhi ana haki ya kukuita.

Vifupisho vya dawa ni vichache na havichukui muda. "OD" mara moja kwa siku, "BD" mara mbili, "TDS" mara tatu, "QID" mara nne, "nocte" usiku, "stat" sasa hivi, "PRN" inapohitajika. "PO" kwa mdomo, "IM" sindano ya msuli, "IV" ya mshipa, "SC" chini ya ngozi. "Tab PCM 1 g TDS × 3/7" basi ni parasetamoli gramu 1 mara tatu kwa siku, kwa siku 3.

Lakini vifupisho vina pacha, na hilo kamusi yako haitakuonya. "OD" kwenye kadi ya macho inaweza kuwa jicho la kulia. "PID" kwa wanawake ni maambukizi ya via vya uzazi, kwa mifupa ni pingili ya mgongo iliyochomoza. "PVD" kwenye kadi uliyotuandikia ni uchafu ukeni. Kwa mzee mwenye kisukari na kidonda cha mguu ni ugonjwa wa mishipa ya damu. "RTA" mapokezi ni ajali ya barabarani, wodini yaweza kuwa ugonjwa wa figo. "AGE" kwenye hitimisho ni kuhara na kutapika kwa ghafla, wala si umri. "D/C" ni kuruhusiwa kwenda nyumbani au kusimamisha dawa, na "D&C" ni kusafishwa mji wa mimba. "NAD" ina maana hakuna kasoro iliyoonekana, usiitafute kwenye orodha ya magonjwa.

Kuna vifupisho ambavyo hata ukivijua usiviandike. Mwaka 2004 taasisi inayokagua hospitali Marekani, Joint Commission, ilitoa orodha ya vilivyopigwa marufuku kwa sababu vilikuwa vinadhuru watu. "U" ya yuniti za insulini hugeuka sifuri, 10U ikasomeka 100. Sifuri baada ya nukta, 1.0 mg, husomeka 10. Nukta isiyo na sifuri mbele, .5 mg, husomeka 5. Na ile MgSO4 (magneziamu salfeti) ya mama wa kadi yetu hufanana na MSO4, ambayo ni mofini. Kwetu bado zinaandikwa kila siku. Wewe unapochapa, andika neno zima na namba kwa 0.5 na 1.

Kuhusu kuuliza. Kero si swali, kero ni namna ya swali. Usimwendee tabibu na kadi moja moja kutwa. Kusanya, mwendee mara mbili, kabla ya chakula cha mchana na kabla hajaondoka, kila kadi ikiwa imewekewa kipande cha karatasi kwenye neno husika. Kadi iliyopo mikononi mwa mgonjwa anayesubiri dawa ndiyo pekee isiyongoja. Na usimpe jibu ndani ya swali. Ukisema, "Daktari, hii ni hypotension, eti?", aliyechoka ataitikia ndiyo bila kutazama. Mwonyeshe neno umwambie, "Naomba unisomee hapa." Akikujibu uandike unavyoona, mjibu kwa adabu kwamba huoni, ndiyo maana umekuja, na kwamba Kitabu Na. 5 kitasomwa na wilaya. Akikataa tena, kadi iende kwa mfawidhi. Huo si umbea, ni utaratibu.

Dawa zilizoandikwa zitakupa fununu: metformin inanusa kisukari, amlodipine shinikizo, ALu malaria. Tumia fununu kuandaa swali, usiitumie kujaza safu. Amitriptyline ni dawa ya sonona, lakini hutolewa sana kwa maumivu ya mishipa ya fahamu. Ukimwandika mtu sonona kwa sababu ya kidonge hicho umempa ugonjwa mwingine kabisa.

Vilevile usitafsiri kurudi nyuma, kutoka mdomoni mwa mgonjwa kwenda kwenye kitabu. Mgonjwa akisema ana ngiri, huenda ana ngiri kweli, huenda ni maumivu yoyote ya chini ya kitovu. Akisema degedege, huenda ni homa, malaria kali, au kifafa. Kiswahili kitoke kwenye kadi kuja kwako ili uelewe. Kisitoke kwa mgonjwa kwenda kwenye safu ya ugonjwa.

Daftari. Nunua kaunta buku, chora safu tano: lilivyoandikwa, kirefu chake, maana kwa Kiswahili, chumba lilikotoka, na nani alithibitisha. Safu ya nne ndiyo inayokulinda na pacha tulizozitaja. Usiandike jina la mgonjwa wala namba ya faili humo, kamwe, maana daftari hilo utalibeba nyumbani. Maneno 10 kwa siku, siku 5 za kazi, kwa wiki 6 ni maneno 300, na kwa wagonjwa wa nje wa kituo cha afya hayo yanakutosha kufanya kazi bila hofu. Chukua yale uliyokutana nayo siku hiyo. Ziba safu ya maana kwa karatasi ujijibu kesho yake, baada ya siku 3, na baada ya wiki. Yaliyokataa kukaa kichwani yahamishie ukurasa wa nyuma, ndiyo ya kusoma kwenye daladala. Kliniki ya mama na mtoto na Kitabu Na. 12 cha wazazi vina maneno yao. Usiviguse mpaka wagonjwa wa nje wakuzoee.

Wasomaji wa Kenya watakuta tofauti ndogondogo. Picha kamili ya damu, ambayo Tanzania huandikwa "FBP", kwao ni "FHG". Kliniki ya wanaoishi na VVU, "CTC" kwetu, kwao ni "CCC". Na badala ya Kitabu Na. 5 wana MOH 204A kwa watoto chini ya miaka 5 na 204B kwa waliozidi.

Kwa kuwa tumetaja CTC: baadhi ya vifupisho viliwekwa makusudi ili aliyeketi kwenye benchi asivielewe. "RVD" ni kimojawapo, kinamaanisha maambukizi ya VVU. Usikiulize kwa sauti dirishani, wala usimwulize mgonjwa mwenyewe. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kwa VVU kuna sheria yake ya mwaka 2008 inayodai usiri. Na mgonjwa akikusogezea kadi akuulize imeandikwa nini, hata kama sasa unajua, mrudishe kwa tabibu. Hapo utaona ugumu mpya: ulipokuwa hujui ilikuwa rahisi kunyamaza.

Ukikosea kitabuni, piga mstari mmoja ambao neno la chini yake bado linasomeka, andika lililo sahihi pembeni, weka tarehe na saini. Wino mweupe wa kufutia usiingie kwenye chumba hicho. Maneno ya tabibu kwenye kadi usiyasahihishe, hata tahajia.

Kuhusu ile kozi ya laki moja na nusu, usilipe sasa. Cheti cha istilahi peke yake hakikupandishi daraja. Ukitaka kuifanya kazi hii iwe taaluma, tafuta mafunzo ya kumbukumbu na taarifa za afya kwenye chuo kilichosajiliwa, na kabla ya kutuma ada hakikisha NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi na ufundi stadi, inakitambua chuo na programu yenyewe. Kwa sasa mwombe mfawidhi wako nakala ya mwongozo wa kujaza vitabu vya MTUHA, wenye maelezo ya kila safu na kila ugonjwa unaohesabiwa. Mara nyingi upo kituoni, umefungiwa kwenye kabati lilelile la vitabu vipya.